Zamu ya Maji: Ni Nani Mwenye Akiba ya Mvua na Theluji

Ibara ya 16 ya Katiba ya Colorado, jimbo la Marekani lililojiunga na muungano mwaka 1876, ina kauli mbili zinazovutana. Kifungu cha 5 kinatamka kwamba maji ya kila kijito cha asili ambayo bado hayajachukuliwa na mtu ni mali ya umma, nayo yametengwa kwa matumizi ya watu wa jimbo. Kifungu kinachofuata kinasema haki ya kuyachepusha maji hayo kwa matumizi yenye manufaa haitanyimwa mtu kamwe, na kwamba baina ya wanaoyatumia kwa lengo moja, aliyetangulia ndiye mwenye haki bora. Maji ni ya wote, na matumizi ni ya aliyewahi. Wanasheria wa huko wameishi na kauli hizo kwa karibu miaka 150 bila kukosa usingizi. Kwa anayeuliza habari ya uadilifu mambo si mepesi hivyo, hasa pale maji yanapoacha kutiririka na kuwekwa akiba. Yaliyomo mtoni hayana mwenyewe. Yakishaingia bwawani yana mwenyewe, mwenye hukumu ya mahakama mkononi, tena anaweza kuyauza au kuyakodisha. Maji hayakubadilika rangi wala ladha. Kilichotokea ni kwamba mtu ameyazuia yasiende.

Colorado inalihisi swali hili kuliko majimbo mengi kwa sababu ya jinsi maji yanavyoifikia. Sehemu kubwa huanguka milimani kama theluji wakati wa baridi, huyeyuka Mei na Juni, na kushuka kwa kishindo kwa majuma machache. Kufikia Agosti mito imenywea, na ndipo mahindi na majani ya mifugo yanapohitaji maji zaidi. Juu ya hayo, takribani asilimia 80 ya maji iko magharibi ya mgongo wa milima ya Rocky, ilhali watu walio wengi wanaishi mashariki yake, huko Denver na katika miji iliyoizunguka. Mahandaki yaliyotobolewa chini ya milima huhamisha maji kutoka bonde hadi bonde. Mabwawa huyahamisha kutoka msimu hadi msimu. Anayehifadhi maji, kwa hiyo, huwa ameshika pia wakati: maji yaliyobaki kwake Mei ni maji ambayo mtu wa chini hakuyaona Mei.

Swali la kifalsafa ni tendo hilo la kuzuia linampa mzuiaji kitu gani. Majibu ya sheria za Colorado, yakisomwa pamoja na ya fikihi ya Kiislamu, ya marabi wa Kiyahudi na ya mwanafalsafa John Locke, yanakaribiana kuliko mtu angedhani. Anayehifadhi maji hapati maji yenyewe. Anapata zamu, na zamu ina kikomo, tena ina mtu anayeingoja. Matatizo makubwa ya sheria za akiba ya maji yametokea kila zilipoichukulia zamu kama mali.

Kesi iliyoweka msingi huko Colorado ni ya mwaka 1882, Coffin dhidi ya kampuni ya mfereji ya Left Hand. Kampuni hiyo ilikuwa ikichepusha maji ya kijito cha St. Vrain na kuyavusha kilima hadi bonde jingine kabisa. Katika kiangazi kikali cha 1879, wakulima waliokaa kandokando ya St. Vrain walikwenda wakabomoa kizuizi cha kampuni. Hoja yao ilikuwa ile ya sheria ya kale ya Uingereza: maji ya kijito ni haki ya ardhi inayopakana nacho, na hakuna ruhusa ya kuyatoa nje ya bonde lake. Mahakama ya Juu ya jimbo iliikataa hoja hiyo. Ilisema sheria ya Uingereza ilizaliwa katika nchi ya mvua, na kwamba katika nchi kame dharura yenyewe imeleta kanuni nyingine, ya aliyetangulia.

Hoja ya dharura inastahili kuchunguzwa. Mafakihi wa Kiislamu nao wanakubali kuwa dharura huhalalisha yaliyokatazwa, lakini wameifunga kwa kanuni ya pili: dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Mwenye njaa ya kufa anaruhusiwa kula cha haramu mpaka atoke hatarini, haruhusiwi kufungua duka la nyamafu. Mahakama ya 1882 iliikubali dharura bila kuiwekea mpaka. Haja ya mkulima wa mwaka mmoja mkavu ikazaa haki ya kudumu inayoweza kurithiwa, kutenganishwa na shamba na kuuzwa kwa mji. Kikomo kilichobaki ni kimoja tu, kile cha matumizi yenye manufaa, nacho kikageuka baadaye kuwa chanzo cha ufujaji, kama itakavyoonekana.

Kanuni ya aliyetangulia ikifuatwa mpaka mwisho wake inafika kwenye paa la nyumba. Kama kila tone linaloelekea mtoni limekwisha kuahidiwa mtu fulani mwenye haki ya zamani, basi tone linalodondoka kwenye bati la mwalimu wa Denver limeahidiwa pia, na akilikinga kwa pipa amemwibia mkulima aliye mamia ya kilomita chini yake. Hiyo haikuwa dhihaka ya wapinzani wa sheria. Ndiyo iliyokuwa sheria. Mwaka 2009 bunge la jimbo lililegeza kidogo, likawaruhusu baadhi ya wakazi wa mashambani wanaotegemea visima. Mwaka 2016 ndipo lilipopitisha sheria inayomruhusu mwenye nyumba ya kawaida, au jengo lisilozidi kaya nne, kuweka mapipa mawili yenye ujazo wa jumla wa galoni 110, yaani lita 416 hivi. Maji hayo ni ya bustani na majani ya nje tu, hayaruhusiwi kunywewa. Na sheria ilisisitiza kuwa kuyakinga si haki ya maji. Ni ruhusa.

Msomaji wa Tanzania atashangaa, maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamruhusu mwenye ardhi kuvuna mvua kwa matumizi ya nyumbani bila kibali, ingawa sheria hiyohiyo inaweka maji yote ya nchi mikononi mwa umma, Rais akiwa mdhamini. Tofauti haitokani na ukarimu wa upande mmoja. Inatokana na dhana ya mto: huko Colorado mto umekwisha kugawanywa wote, na kila anayeongezeka anakula sahani ya mwingine.

Je, pipa humpunguzia kweli mkulima wa chini? Uchunguzi uliofanywa mwaka 2007 kwa ajili ya Kaunti ya Douglas, kusini mwa Denver, ulionyesha kuwa katika mwaka wa kawaida karibu asilimia 97 ya mvua iliyoanguka kwenye eneo lililochunguzwa haikufika mtoni kabisa. Iliishia hewani au kwenye mizizi. Yaani sheria ilikuwa ikilinda, kwa sehemu kubwa, haki ya mtu juu ya maji ambayo yasingemfikia. Hata hivyo, kuwacheka walioitetea ni haraka. Wao hawakuwa wanahesabu pipa moja. Walikuwa wanakataa kanuni ambayo, ikikubaliwa kwa pipa, itadaiwa kwa tangi, kisha kwa lambo, kisha kwa bwawa la kampuni ya viwanja.

Sheria nyingine ya jimbo hilo, ya mwaka 2015, inaonyesha jinsi watunga sheria walivyolazimika kuuweka mpaka huo kwa saa. Miji hujenga mashimo ya kupokea maji ya dhoruba ili barabara zisifurike, na wenye haki za zamani walilalamika kuwa mashimo hayo ni mabwawa yaliyofichwa. Bunge likaamua kuwa shimo la namna hiyo halidhuru haki ya mtu iwapo, kwa mvua za kawaida mpaka zile kubwa zinazotazamiwa kila baada ya miaka mitano, angalau asilimia 97 ya maji yaliyoingia yameachiwa katika muda wa saa 72 baada ya mvua kukatika. Ndani ya siku tatu mtu amechelewesha maji. Zaidi ya hapo anaanza kuonekana ameyahodhi. Idadi ya saa ni ya kuchagua tu, lakini wazo lililo nyuma yake si la kuchagua: kushika maji kuna kipimo, na kipimo hicho huwekwa kwa kumtazama asiyekuwapo.

Locke, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 17, alifikiri ameutatua mwanzo wa mambo haya kwa mfano wa mtungi. Maji ya chemchemi ni ya wote, alisema, ila yaliyomo ndani ya mtungi ni ya aliyeyateka, kwa kuwa amechanganya kazi yake na kitu cha Mungu. Kinachosahaulika na wengi wanaomtaja ni masharti mawili aliyoyaambatanisha. Mtu asichukue zaidi ya anachoweza kutumia kabla hakijaharibika, na awaachie wengine cha kutosha na kizuri sawasawa. Kwenye mtungi masharti hayo yanatimia yenyewe, maana mtungi ni mdogo na chemchemi inaendelea kububujika. Kwenye bwawa hayatimii yenyewe hata kidogo. Mwenye bwawa huzuia kijito kizima, na asiposhurutishwa anayemfuata haachiwi cha kutosha wala kizuri. Nadharia ya Locke haivunjiki kwa ukubwa huo. Inageuka tu, ikawa nadharia ya masharti badala ya nadharia ya umiliki.

Wanazuoni wa Kiislamu walianzia mahali palepale. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah inawafanya Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Hata hivyo wanazuoni walikubali kuwa maji yaliyotiwa chomboni yanakuwa mali ya aliyeyatia, anaweza kuyauza, na anayeyachukua bila idhini ni mwizi. Majalla, mkusanyo wa sheria za kiraia za dola ya Uthmaniya uliokamilika mwaka 1876, mwaka uleule wa Katiba ya Colorado, uliliweka jambo hili kwa undani ambao Denver haikuufikia. Mtu akiweka chombo nje kwa nia ya kukinga mvua, maji yaliyoingia ni yake. Vivyo hivyo maji ya birika lililojengwa kwa ajili hiyo. Chombo kikisahauliwa uani na mvua ikakijaza, maji yale hayana mwenyewe, na jirani akiyateka hakukosa.

Nia, basi, ndiyo inayogeuza mvua kuwa mali. Wenye kuzoea kufikiri kwamba nia ni jambo la moyoni lisilohusu mahakama wataona ajabu, lakini kuna hekima hapo. Umiliki wa maji hautokani na bahati ya kuwa na paa au shimo mahali yanapopita. Unatokana na tendo la makusudi, na mwenye kukusudia anaweza kuulizwa alikusudia nini. Aliyekinga ili anywe, aliyekinga ili auze na aliyekinga ili jirani akose hawasimami mahali pamoja. Sheria ya Colorado nayo humtaka anayeomba haki ya kuhifadhi aonyeshe nia na mpango wa matumizi, kwa kuogopa walanguzi wanaosajili mabwawa ya karatasi na kungoja bei ipande.

Juu ya umiliki huo wa chombo na birika, fikihi iliweka mizigo. Imekatazwa katika hadithi zilizo Bukhari na Muslim kumnyima mtu maji yaliyozidi haja, na wanazuoni wakaeleza haki ya kiu: mtu au mnyama mwenye kiu hazuiwi kunywa kwenye kisima au mfereji wa mtu, iwapo hana maji mengine na hataharibu kitu. Hapa kuna mvutano baina ya wanazuoni wenyewe, kuhusu kama ziada hiyo inapaswa kutolewa bure au inaweza kulipiwa, na kama inahusu mazao au viumbe hai tu. Wengi wameona kuwa inayolazimika ni ya kuokoa uhai, na si ya kunywesha mashamba ya mwingine.

Marabi nao waligusa papo hapo kwenye Talmud ya Babeli, katika risala ya Nedarim. Mji una chemchemi yake, na mji wa jirani hauna. Uhai wa wenyeji ukishindana na uhai wa wageni, wenyeji hutangulia. Uhai wa wageni ukishindana na ufuaji wa nguo wa wenyeji, wageni hutangulia. Rabi Yose akapinga, akasema hata ufuaji wa wenyeji hutangulia. Kauli yake inasikika ya kikatili, na wafafanuzi waliomtetea walieleza kuwa uchafu wa nguo huleta maradhi, hivyo nao ni uhai. Ubishi huo wa kale ndio unaorudi kila bunge linapopanga daraja za matumizi. Katiba ya Colorado nayo imeweka matumizi ya nyumbani mbele ya kilimo, na kilimo mbele ya viwanda. Upendeleo huo, hata hivyo, haumpi mtu wa nyumbani ruhusa ya kuchukua haki ya mkulima bila kumlipa. Mji wenye kiu hununua shamba, ukalikausha.

Kipimo cha kuzuia kinaonekana waziwazi zaidi katika habari za mabonde ya Madina. Kuhusu mkondo wa Mahzur, imepokewa kwamba Mtume aliamua mwenye shamba la juu azuie maji mpaka yafike vifundoni, kisha ayaachie yateremke kwa wa chini. Katika kisa kingine, Zubeir bin Awwam aligombana na mmoja wa Maansari juu ya mifereji ya Harra. Mtume kwanza alimtaka Zubeir amwagilie kidogo kisha amwachie jirani. Jirani alipolalamika kuwa Zubeir amependelewa kwa udugu wake na Mtume, Mtume akamwamuru Zubeir achukue haki yake kamili kabla ya kuachia. Kisa hicho kinafundisha mambo mawili kwa pamoja. Haki ya kisheria ya wa juu ni kubwa kuliko ile suluhu ya kwanza iliyompendelea wa chini, na hata haki hiyo kamili ina kimo chake. Madina walipima kwa kifundo cha mguu, Colorado kwa saa 72. Tofauti iliyo ya maana ni kwamba Madina zamu ilifuata mahali, wa juu kwanza kisha wa chini, na katika Colorado hufuata tarehe, hata kama mwenye tarehe ya zamani yuko chini kabisa ya mto na wa juu anayatazama maji yakimpita mlangoni.

Fikra hiyo ya Madina ilifika Colorado kwa njia ndefu. Wahispania walirithi mifereji na desturi za kugawana maji kutoka kwa Waislamu wa Andalusia, wakazipeleka Meksiko, na kutoka huko zikapanda hadi bonde la San Luis kusini mwa jimbo. Mfereji wa watu wa San Luis, uliochimbwa mwaka 1852, ndiyo haki ya maji ya zamani kuliko zote zinazotambuliwa Colorado. Mifereji ya namna hii, iitwayo acequia, ina msimamizi anayechaguliwa na watumiaji, kila mwenye shamba hutoa nguvukazi ya kusafisha mfereji majira ya kuchipua, na mwaka ukiwa mkavu wote hupungukiwa pamoja. Ni kichekesho cha historia kwamba haki ya kwanza kabisa katika mfumo wa aliyetangulia ni ya watu ambao wenyewe hawakuamini kuwa kutangulia kunamruhusu mtu ashibe peke yake. Bunge lilizitambua acequia kisheria mwaka 2009 na kuziruhusu zigawe maji kwa kanuni nyingine ndani ya mfereji wao, ingawa nje ya mfereji hushindana kwa tarehe kama wengine.

Hata hiyo 1852 si mwanzo. Wayute, wenyeji wa asili, walikuwa katika milima ya Colorado kabla ya Mhispania na kabla ya Mwingereza, ila mfumo ulitambua aliyetangulia kuchepusha, haukumtambua aliyetangulia kuishi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilirekebisha sehemu ya dhuluma hiyo katika kesi ya Winters ya mwaka 1908, iliyohusu hifadhi ya Fort Belknap huko Montana. Iliamua kuwa serikali ilipotenga ardhi ya kabila, ilitenga pamoja nayo maji ya kuishi juu yake, na tarehe ya haki ni siku ardhi ilipotengwa, hata kama kabila halijachimba mfereji wowote. Hapo kanuni ya kazi na matumizi ilipata nyufa: kumbe mtu anaweza kuwa na haki ya maji kwa kuyahitaji tu. Wayute wa Colorado waliafikiana na jimbo, na sheria za shirikisho za 1988 na 2000 zikaidhinisha bwawa la Ridges Basin karibu na Durango. Ziwa lake, Nighthorse, lilijaa mwaka 2011 likiwa na kiasi cha mita za ujazo milioni 150. Kwa miaka mingi baada ya kujaa, makabila mawili ya Wayute yaliendelea kuwa na maji ndani ya ziwa hilo bila mabomba ya kuyafikisha kwenye ardhi yao. Wana hati ya maji, wana bwawa, hawana maji. Haki ya akiba bila njia ya kuitumia humfaidi zaidi aliye chini, anayeendelea kutumia kisichofikiwa na mwenyewe.

Mwenye kuhifadhi hubeba pia hatari ya kile anachokizuia. Mahakama za Uingereza ziliamua mwaka 1868, katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, kwamba anayekusanya juu ya ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka anawajibika kwa madhara yake, hata kama yeye binafsi hakuzembea. Kitu chenyewe kilikuwa maji ya bwawa la kiwanda, yaliyopenya mashimo ya zamani ya machimbo na kufurika mgodi wa jirani huko Lancashire. Colorado nayo iliiona hatari hiyo: asubuhi ya 15 Julai 1982 bwawa la udongo la Lawn Lake, lililojengwa mwaka 1903 milimani juu ya mji wa Estes Park, Colorado, lilipasuka na kuua watu 3. Bwawa lile lilijengwa kwa ajili ya mashamba ya mbali; waliofikwa na mafuriko hawakuwa wakinufaika na maji yake.

Jambo gumu kuliko yote ni lile linaloonekana jepesi: kubana matumizi. Chini ya kanuni ya matumizi yenye manufaa, haki isiyotumika hufifia. Huko Colorado mtu asipoitumia haki yake kwa miaka 10 hudhaniwa ameitelekeza, na hulazimika kuthibitisha vinginevyo. Mkulima anayeogopa orodha ya haki zilizotelekezwa hufungulia maji shambani hata mwaka ambao hayahitaji. Kile kikomo kilichowekwa ili kuzuia uhodhi kimekuwa sababu ya ufujaji, na mtu mwadilifu ndiye anayepoteza.

Ni rahisi kusema basi anayeokoa maji aachiwe aliyoyaokoa. Mwaka 1974 hoja hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Colorado katika kesi ya Shelton Farms. Mwenye shamba kando ya mto Arkansas alikuwa amefyeka miti inayonyonya maji mengi mtoni, akadai haki ya maji ambayo miti ile ingeyanywa, bila kupanga foleni nyuma ya wenye tarehe za zamani. Mahakama ya chini ilimkubalia. Ya juu ikamkatalia. Ilisema maji yale tangu mwanzo yalikuwa ya wenye haki za zamani, miti ikawapokonya, na aliyemfukuza mwizi hapati mali iliyoibwa. Iliogopa pia kwamba kila mwenye ukingo wa mto angegeuka mfyekaji, kingo zikabaki uchi.

Uamuzi huo ni sahihi kuliko unavyoonekana mara ya kwanza, kwa sababu ya jinsi maji yanavyozunguka. Maji yanayovuja kwenye mfereji wa udongo hayapotei. Huzama, hujaza kisima cha jirani au kurudi mtoni, na huko chini kuna mtu mwenye hati juu yake. Mkulima akiusakafia mfereji wake kwa saruji na kuyatumia maji aliyoyaokoa kupanua shamba, hakuna tone lililookolewa. Limehamishwa kutoka kwa jirani hadi kwake. Akiba ya kweli ni ile tu ya maji ambayo yangeishia hewani kupitia majani ya mmea na jua. Hapo ndipo Oregon ilipojaribu njia ya kati kwa sheria yake ya 1987: anayeokoa maji anaruhusiwa kutumia au kuuza sehemu ya aliyoyaokoa, mradi haki za wengine zisidhurike, na angalau robo yake inarudi kwa jimbo, kwa kawaida ili ibaki mtoni. Colorado yenyewe mwaka 1973 ilikubali kuwa kuyaacha maji mtoni kwa ajili ya samaki na mazingira ni matumizi yenye manufaa, ila ikaliachia shirika moja la umma, Bodi ya Uhifadhi wa Maji ya jimbo, mamlaka ya kumiliki haki hizo. Mtu binafsi hawezi kujimilikisha mto kwa kuuacha utiririke. Ni hadhari ya maana: anayedai mkondo mzima kwa jina la samaki angekuwa amehodhi kwa njia ya kutofanya kitu.

Mambo haya yote hurudi kwa ukubwa zaidi mpakani mwa jimbo. Colorado iko juu ya mito yake, na majimbo ya jirani yako chini. Kansas iliishtaki kuhusu mto Arkansas mara kadhaa. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya nchi iliona kuwa visima vya Colorado vilikuwa vimevunja mapatano ya majimbo hayo mawili, na mwaka 2005 Colorado ililipa zaidi ya dola milioni 34. Mto Colorado wenyewe uligawanywa kwa mapatano ya majimbo 7 mwaka 1922. Upande wa majimbo ya juu na upande wa majimbo ya chini kila mmoja ulipangiwa mita za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka, na majimbo ya juu yakakubali kutosababisha mtiririko mahali paitwapo Lee Ferry upungue chini ya bilioni 92.5 kwa kila miaka 10 mfululizo. Ziwa Powell, lililoanza kujazwa mwaka 1963 nyuma ya bwawa la Glen Canyon, ni rehani ya ahadi hiyo: miaka mikavu huachia maji ambayo mto haukuleta. Kwa hiyo maji yaliyomo humo yamehifadhiwa na wa juu kwa ajili ya wa chini, ili wa juu wapate kuendelea kutumia. Jua huchukua sehemu yake kila mwaka bila kuomba, na ni nani abebe hasara hiyo ni ugomvi wa kudumu.

Maneno ya ahadi ya 1922 yamebaki na ubishi ambao Mahakama ya Juu haijauamua. Majimbo ya chini huyasoma kama deni la kufikisha maji: mto ukileta kidogo, wa juu wajibane mpaka kiasi kilichoahidiwa kitimie. Majimbo ya juu huyasoma kama katazo la kusababisha upungufu: matumizi yao yasipoupunguza mto, na joto ndilo lililoupunguza, hawana wanachodaiwa. Wa chini anataka kupewa, wa juu anasema wajibu wake ni kutonyima. Tangu mwaka 2000 ukame umelitoa swali hilo vitabuni na kulipeleka mezani, na kanuni za 2007 zinazoongoza ziwa Powell na ziwa Mead, la akiba lililo chini zaidi mtoni, ziliwekewa kikomo cha mwaka 2026, hivyo majimbo 7 yamelazimika kujadiliana upya namna ya kugawana mto ambao mwaka 1922 ulihesabiwa kuwa na maji mengi kuliko unayoleta.